Ngozi Mbili za Ng'ombe wa Baba

Baba yangu hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote katika zizi moja. Watu wa mjini waliofika nyumbani walimwona wa kawaida tu, kwa sababu pale kijijini alikuwa na ng'ombe wachache, na yeye aliwaacha waone hivyo. Wengi walikuwa mbali, kwenye mbuga za upande wa pili wa Kongwa, kwa rafiki yake ambaye sisi watoto tulimwita mzee wa Kongwa. Ndivyo wafugaji wa kwetu Ugogo wanavyofanya. Mvua ikikosekana huku, huenda kule imenyesha. Ugonjwa ukiingia zizi hili, lile linaweza kupona. Kwa hiyo unamtafuta mtu unayemwamini, unampa ng'ombe wako akufugie.

Masharti yake kila mtu anayajua. Anayefuga anakunywa maziwa, samadi ni yake, na msimu wa kulima anawafunga jembe maksai wako. Ndama anayezaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Na ng'ombe akifa, mfugaji anamchuna, anaianika ngozi mpaka ikauke, halafu anamletea mwenyewe. Ngozi hiyo lazima ije na masikio, maana kila mji una namna yake ya kukata masikio ya mifugo. Sisi tunaondoa ncha ya sikio la kulia, na la kushoto tunalikata pengo dogo upande wa chini.

Nikiwa mdogo nilimwona mzee wa Kongwa akija na baiskeli, ngozi imefungwa nyuma imekakamaa kama bati. Baba alikuwa akiitandaza uani, anayashika masikio, halafu anauliza mambo yale yale: alikufa kwa nini, nyama imeliwa na nani, ndama wake yuko wapi. Akishajibiwa, mama analeta chai, na hapo ndipo wanaanza kusalimiana vizuri, habari za watoto na za mvua. Mimi harufu ile ilikuwa inanichefua, nakimbilia jikoni. Sikujua kwamba nilichokuwa nakikimbia ni hesabu ya mali inatolewa.

Sasa nanunua na kuuza mahindi soko la Kibaigwa. Nachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje, namimina kiganjani, na kabla dalali hajamaliza kusifia mzigo nimeshajua kama katikati ameficha mahindi mabovu. Kazi hii inakupa mdomo. Kaka yangu, dereva wa gari la ofisi kule Mtumba, anasema mdomo nilizaliwa nao, soko limeunoa tu. Sibishani naye. Baba alituzaa wawili, mmoja mkimya na mmoja mimi, na hiyo inatosha.

Baba alipofariki, tulimzika kandokando ya shamba lake, na baada ya kuanua matanga ukoo ulikaa. Ajenda ilikuwa moja: nani awe msimamizi wa mirathi. Nikasema awe mama, ndiye anayemjua kila ng'ombe kwa rangi yake na kila mpaka wa shamba. Wazee wakakohoa. Mmoja akasema mama amefiwa, asisumbuliwe na mambo ya ofisi. Basi likatajwa jina la baba mdogo, mdogo wake marehemu, jirani yetu wa zizi kwa zizi. Baba mdogo ni mtu wa maneno matamu, anajua kuvaa koti na kuongea na makarani. Mama mwenyewe alikubali. Kaka akakubali. Mimi nikabaki peke yangu, na mtu mmoja akipinga kwenye kikao cha ukoo anaonekana mkorofi tu.

Tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Hakimu alikuwa mwanamama wa makamo, sauti ya chini, hana haraka. Alimwambia baba mdogo maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: msimamizi si mrithi. Kazi yako ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake ya kweli, kuwagawia warithi, ambao ni mjane na watoto hawa wawili, kisha kurudi hapa na kueleza kila kitu kilikwenda wapi. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, akala kiapo, akapewa hati yake yenye muhuri.

Nadhani alielewa. Lakini nyumbani kulikuwa na jambo lingine. Siku ya kikao wazee walimkabidhi fimbo ya baba, ile ya kuchungia aliyokuwa akitembea nayo hata kanisani. Kwao ilikuwa heshima, ya kumwambia kwamba sasa wewe ndiye wa kusimama mbele. Kwake nadhani ilikuwa zaidi ya heshima. Kwetu mtu aliyeshika fimbo ya marehemu anaonekana ameshika na kundi lake, na hakuna aliyesimama kumwambia kwamba mahakama haimjui mtu kwa fimbo. Hati aliifungia kwenye sanduku, fimbo akatembea nayo.

Mwanzo ng'ombe wa nyumbani walianza kupungua. Mmoja ameuzwa kulipa deni la marehemu. Mwingine deni lingine. Mama akawa anashangaa, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kukopa, na hao wadai hawakuwahi kuonekana msibani. Nilipokuwa nauliza, baba mdogo alikuwa ananijibu kwa upole sana, mwanangu haya mambo mazito niachie mimi. Upole wake ulikuwa unanitia hasira kuliko angenitukana. Kaka naye akawa ananipigia simu ananiambia mambo ya familia tuyamalize kifamilia. Nikamuuliza yanamalizwa lini sasa, au mpaka zizi liishe. Akasema ana safari ya bosi, akakata.

Halafu kikaja kiangazi kile kibaya. Upepo ulikuwa unapeperusha udongo wa shamba mpaka ndani ya vyungu. Nilikuwa nimeenda kumsalimia mama, tumekaa barazani tunachambua mlenda, baba mdogo akaingia bila hodi kama kawaida yake. Akasalimia, akakaa, akavua kofia. Akasema ana habari mbaya, ng'ombe wote waliokuwa Kongwa wamekwisha, ukame umewamaliza. Akatikisa kichwa kwa muda. Kisha akasema alichokuja kusema: kwamba mama atabaki pale na nini, hana maksai wa kulimia, hana samadi, hana maziwa, na ni mtu mzima, afadhali aende Kibaigwa akakae na mimi, apumzike. Nyumba isiachwe ikaanguka. Kijana wake ameoa juzi tu, wangehamia pale na mkewe, wakaitunza.

Mama aliendelea kuchambua mlenda. Alikuja katika nyumba ile akiwa msichana, ikiwa bado tembe la udongo tupu, yeye na baba wakaongeza chumba kimoja kimoja mpaka wakaezeka upande mmoja kwa bati. Kwangu Kibaigwa kuna vyumba viwili vya kupanga nyuma ya ghala, na malori yananguruma usiku kucha. Alishakuja mara moja akaugua kwa kukosa usingizi. Alikuwa ameniambia waziwazi kwamba akitolewa pale hatamaliza mwaka. Kwa hiyo nilijua anachowaza, na niliogopa.

Akauliza kitu kimoja tu.

"Shemeji, ngozi ziko wapi?"

Baba mdogo akacheka kidogo. "Siku hizi nani anatembea na ngozi, shemeji? Dunia imebadilika."

Baba mdogo alipoondoka, mama akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ng'ombe wale hawajafa. Nikamuuliza anajuaje. Akasema mzee wa Kongwa hawezi kufiwa na ng'ombe wa watu akakaa kimya, na asingemkabidhi mtu habari ya mdomo. Akainuka kwenda kupika. Mimi hasira zilikuwa zimenipanda mpaka masikio yanawaka, nilitaka nimfuate baba mdogo nikampe vidonge vyake pale pale mbele ya mkwewe. Mama akanikataza. Akasema nenda Kongwa kwanza.

Nikaenda. Ukishuka Kongwa mjini unachukua bodaboda, unapita maeneo ya malisho mpaka barabara inageuka kuwa njia ya ng'ombe. Mzee wa Kongwa alikuwa amezeeka sana, jicho moja lina ukungu. Nikampa shikamoo, akaniuliza mimi ni yupi kati ya wale wawili. Nilipomwambia, akasema kumbe ni yule aliyekuwa anakimbia ngozi. Nikacheka bila kupenda. Kisha nikamweleza nilichoambiwa, na nikaona uso wake unabadilika. Hakukasirika kwa kelele. Aliona aibu, kama kwamba yeye ndiye aliyeiba.

Alinieleza polepole. Baada ya msiba baba mdogo alikuja na hati yenye muhuri pamoja na fimbo ya baba. Hati mzee hakuweza kuisoma, ila fimbo aliijua. Alikuwapo siku baba anaichonga. Mwenye fimbo amekuja kuchukua mali, angemkatalia kwa lipi? Wakatolewa zizini wazima, mchana, majirani wakiona. Kabla ya hapo, tangu baba augue, walikuwa wamekufa wawili tu. Akainuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na ngozi mbili amezikunja. Moja ya jike jekundu lenye baka jeupe kifuani, moja ya maksai mweusi. Alikuwa anazihifadhi juu, panya wasizifikie. Baba mdogo alipokuja hakuuliza habari za waliokufa, na mzee aliona si sawa kumpa ngozi mtu asiyeziulizia. Baiskeli ilishamshinda kwa uzee, kwa hiyo alikuwa anasubiri aje mtu wa kuzipokea.

Pale nililia. Sikulia msibani, kila mtu alisema nina macho makavu, nikaja kulia Kongwa mbele ya ngozi mbili zinazonuka.

Kupata walikokwenda wale wazima haikuwa kazi kubwa, masikio yanasema. Nikiwa njiani kurudi nilisimama kwa muuza ng'ombe mmoja ninayemfahamu kutoka sokoni, nikamtajia alama yetu. Akanitazama kama mtu asiyejua aseme au anyamaze. Akasema ng'ombe wenye masikio hayo wameonekana kijiji cha jirani na kwetu, kwa wakwe wa kijana wa baba mdogo. Walikuwa mahari. Walishagawanywa, wengine kwa baba wa binti, wengine kwa wajomba zake, kama ilivyo desturi. Wachache ambao hawakuingia kwenye mahari, wa kuzaliwa Kongwa ambao mama hakuwahi kuwaona, walikuwa wamechanganywa na ng'ombe wa baba mdogo mwenyewe, ukuta mmoja tu kutoka chumba alicholala mama.

Nilirudi mahakamani na mama. Karani alituelekeza vizuri, mtu asidhani ni lazima uwe na wakili. Tuliomba msimamizi aitwe, aeleze mali imekwenda wapi, na akishindwa aondolewe. Kaka nilimpigia, nikamwambia kuna tarehe, aje au asije. Alikuja, amevaa shati la kazini, akakaa mwisho wa benchi.

Siku hiyo hakimu alikuwa amekaa na wazee wawili wa baraza, wanaomshauri. Baba mdogo akasimama na koti lake, fimbo mkononi, akaeleza madeni na ukame na taabu aliyoipata. Aliongea vizuri. Kama nisingekuwa najua, ningemhurumia. Hakimu alimuuliza ana risiti au shahidi yeyote wa hayo madeni, akajibu ni mambo ya watu wazima kwa watu wazima, hayakuandikwa. Hakimu akaandika hilo. Ndipo mzee mmoja wa baraza, aliyekuwa amekaa muda wote kama anasinzia, akainua kichwa. Akauliza lile lile la mama: ngozi ziko wapi?

Safari hii baba mdogo hakucheka. Alisema ukame ulikuwa mkali, hakukuwa na muda wa kuchuna. Watu wakanong'ona. Mzee wa Kongwa, tuliyekuwa tumemleta kama shahidi, akaitwa. Alitembea mpaka mbele akisaidiwa na kaka yangu, akatandaza ngozi zile mbili sakafuni, masikio yakielekea kwa hakimu, na harufu ikajaa chumba kizima.

"Waliokufa ni hawa," akasema. "Wengine nilimkabidhi wakiwa wanatembea."

Baba mdogo alinywea. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo kwa muda mrefu, nimejiandaa kuifurahia, na nilipoiona haikuwa tamu kama nilivyofikiri. Alimgeukia yule mzee wa baraza, akasahau kwamba yuko mbele ya hakimu, akaanza kujieleza kama yuko kikaoni. Alisema kijana wake alikuwa anaoa. Alisema kaka yake angekuwa hai angetoa ng'ombe kwa ajili ya mtoto wa ndugu yake, si ndiyo desturi? Je, amekosa nini kuchukua ambacho angepewa?

Mama akaomba kusema. Akakiri ni kweli, marehemu angetoa. "Lakini angekuja kuniuliza," akasema, akakaa.

Hakimu hakumfokea. Alimweleza baba mdogo kwamba angekuwa amemwomba mjane na watoto, wakakubali, lisingekuwa kosa. Yeye alijichukulia mali aliyopewa aitunze kwa niaba ya wengine, akaigeuza ya kwake, halafu akadanganya imekufa. Uteuzi wake ukatenguliwa. Akaamriwa kurudisha wale waliobaki zizini kwake, na wale aliowatumia awarudishe, au warithi wakikubali awalipe kwa wa kwake mwenyewe. Akatuambia na sisi kwamba msimamizi mpya ana haki ya kudai mali ya marehemu popote ilipo, na kwamba tukitaka kwenda polisi mlango uko wazi. Akauliza nani tunampendekeza. Kaka yangu, yule wa mambo yamalizwe kifamilia, ndiye aliyesimama wa kwanza akasema mama. Nilimsamehe mengi siku hiyo.

Mama alikula kiapo kwa sauti ndogo. Tulipotoka nje, baba mdogo alimfuata, akamnyooshea fimbo ya baba kwa mikono miwili. Mama akaipokea, akampa kaka aibebe.

Basi mimi nilidhani kilichobaki ni kuwafuata wale wa mahari. Nilishapanga: tungeanza kwa baba wa binti, tuende kwa wajomba mmoja mmoja, masikio yawe shahidi. Usiku ule nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Asubuhi nikakuta mke wa kijana wa baba mdogo yuko uani kwetu anafagia. Hakuna aliyemwita. Tumbo lake lilikuwa limeshatokeza. Akanisalimia kwa heshima, akaendelea kufagia mpaka akamaliza, ndipo akasema. Hakuomba wala hakulia. Alisema tu kwamba ng'ombe wakichukuliwa atarudishwa kwao, na hana kinyongo na sisi, ila alitaka ajue mapema ili asilime shamba atakaloliacha. Nilitaka kumchukia nikashindwa, nikajifanya natafuta ndoo.

Mama alituita mimi na kaka ndani, chumba cha zamani, upande wa tembe. Alikuwa ameshaamua lake, tuliliona usoni. Lakini hakulisema.

"Hakimu amesema msimamizi si mwenye mali," akatuambia. "Wale ng'ombe wana fungu lenu. Mimi siwezi kusamehe cha kwenu. Semeni wenyewe."

Kaka akasema yeye anaacha. Wakanigeukia mimi. Nilifikiria baba mdogo akimwambia mama aende akapumzike Kibaigwa, na damu ikachemka upya. Nilikuwa na haki yangu, imetamkwa na mahakama, na hakuna mtu angenilaumu. Halafu niliona kitu ambacho kilinifanya nione haya kidogo kwa ukali wangu, kwamba huyu mama, mwenye nyumba iliyokuwa iporwe, alikuwa ametulia ananisubiri mimi. Angesema neno moja tungemfuata. Hakulisema, kwa sababu halikuwa lake peke yake. Baba mdogo alibeba fimbo mwaka mzima na hakuona hilo.

Nikasema naacha wa mahari walipo, ila kwa sharti. Baba mdogo alipe kutoka zizini kwake, mbele ya mzee wa Kongwa, na atakachopungukiwa akilipe kwa ndama watakaozaliwa. Mama akasema sharti zuri. Tukayapeleka makubaliano mahakamani yakaandikwa, na baba mdogo akalipa. Ilimuuma. Maksai wake wa jembe walivuka uwanja wakaingia zizi letu, na msimu ule alilima kwa jembe la mkono, yeye na kijana wake. Mama alitugawia mafungu yetu, kila mmoja akaona chake, kisha akarudi kwa hakimu kueleza. Hakimu alimuuliza yeye anaishi wapi sasa. Mama akashangaa swali lenyewe. Akajibu anaishi kwake.

Mtoto alipozaliwa kwa baba mdogo, zizi lao lilikuwa halina maziwa. Mama akachukua jike moja la fungu lake mwenyewe, jeusi lenye paji jeupe, akalisukuma mpaka kwao. Akamwambia baba mdogo masharti yale yale ya siku zote, maziwa yako, samadi yako, ndama wangu, na akifa unajua la kufanya. Mimi nilisikia habari hiyo kwa simu nikiwa sokoni. Nilimwambia mama amechanganyikiwa. Akaniuliza bei ya mahindi.

Masika iliyofuata nilikuwa nyumbani, mahindi sokoni yalikuwa bado. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, tumekaa barazani, nikasikia mtu anapiga hodi nje ya uwanja. Mtu wa kwetu hapigi hodi kule mbali, anaingia. Nikachungulia. Baba mdogo alikuwa amesimama pale penye miiba ya zizi, hana koti, amejitwisha begani ngozi iliyokunjwa, inzi wanamfuata. Hakusogea mpaka mama alipomkaribisha.

Akaitua chini, akaitandaza mwenyewe. Nyeusi, paji jeupe. Masikio yote mawili yalikuwapo.

"Shemeji," akasema, "ng'ombe wako amekufa."

Mama akainama. Akashika sikio la kulia, akapitisha kidole mahali ncha ilipoondolewa, akaja la kushoto akaligusa pengo. Akauliza alikufa kwa nini. Baba mdogo akasema aliumwa na nyoka malishoni. Akauliza nyama imeliwa na nani. Akasema hakuna aliyethubutu, wameifukia. Akauliza ndama yuko wapi. Akasema yupo, ameanza kula majani, kesho atamleta akitaka. Alikuwa anajibu huku amesimama wima, mikono imeshuka, na jasho linamtiririka ingawa kulikuwa na baridi ya mvua. Mimi nilikuwa nakumbuka uani hapo hapo na baiskeli ya mzee wa Kongwa, na safari hii sikukimbilia jikoni.

Mama akaniambia nimletee shemeji yake chai. Nikaleta. Alikunywa, na mama akaanza kumuuliza habari za mtoto, anatembea, ana meno mangapi. Alipoinuka kuaga, mama akamwambia ndama abaki huko huko, na asubuhi apite achukue jike lingine, mtoto asikose maziwa.

Nikafungua mdomo. Mama alinitazama kabla sijatoa neno.

"Huyu ni wa kwangu," akasema. "Huyu simuulizi mtu."

Nikaufunga. Akaniambia niichukue ile ngozi nikaitundike ndani, pamoja na zile mbili.